Maswali ya Wasomaji: Wakala wa akili mnemba kawasha upya huduma mara tano

Habari za kazi. Huduma yetu ya malipo iko kwenye Kubernetes (mfumo wa kuendesha na kusimamia programu) ya wingu, ina podi 4, yaani nakala 4 za programu zinazofanya kazi. Tumempa wakala wa akili mnemba zana moja kupitia itifaki ya MCP (njia ya kumuunganisha wakala na zana za nje): akiiita, inaendesha `kubectl rollout restart deployment/malipo` (amri ya kuwasha upya podi zote za huduma hiyo), halafu inasubiri mpaka podi zote ziwe mpya ndipo imjibu. Juzi usiku aliiita mara 5 mfululizo na malipo ya wateja yakakatika njiani. Kosa ni la wakala au letu? — Msomaji, Dodoma

Kosa liko kwenye zana, na linarekebishika.

Amri hiyo haizimi podi moja kwa moja. Inaandika saa ya sasa kwenye kiolezo cha podi, katika anotesheni (lebo ya maelezo) `kubectl.kubernetes.io/restartedAt`. Kiolezo kikibadilika, Kubernetes inahesabu kuwa ni toleo jipya na kuanza kubadilisha podi kidogo kidogo. Usipogusa mpangilio wake, asilimia 25 ya podi zinaweza kukosekana na asilimia 25 kuzidi. Kwa podi 4, ni moja pungufu na moja ya ziada. Podi ikichukua sekunde 50 kuwa tayari, kazi nzima inapita dakika moja na nusu.

Sasa angalia upande wa wakala. Mteja wa MCP (programu inayoiita zana kwa niaba ya wakala) aliyeandikwa kwa maktaba rasmi ya TypeScript huacha kusubiri baada ya sekunde 60, usipombadilishia muda huo. Wakala anapata kosa la muda kuisha, anaelewa kuwa kazi imeshindikana, anaita tena. Saa mpya inaandikwa, toleo jingine linaanza, na podi zilizokuwa ndiyo kwanza zinaamka zinaondolewa. Akiita mara tano mfululizo, matoleo manne ya kwanza hayapati nafasi ya kumaliza.

Igawe zana iwe mbili. Ya kwanza ianzishe tu na kujibu ndani ya sekunde moja au mbili. Ya pili isome hali: `observedGeneration` imefikia `generation` (Kubernetes imeshaliona badiliko la mwisho), na `replicas` (podi zote), `updatedReplicas` (podi mpya) na `availableReplicas` (podi zinazopatikana) zote zimefika 4. Ukitazama moja tu kati ya hizo utadanganyika, maana podi ya zamani nayo inahesabiwa kuwa inapatikana.

Zana ya kwanza lazima pia ijue kukataa. Kabla ya kuandika chochote, isome `restartedAt` iliyopo; kama hazijapita dakika 15 tangu saa hiyo, au podi bado zinabadilishwa, irudishe maneno kamili: “Huduma inabadilishwa sasa, podi 2 kati ya 4 ziko tayari. Usiite tena. Uliza hali baada ya sekunde 30.” Maneno hayo yaandike kwa uangalifu, kwa sababu wakala anayasoma na kuyafuata kama maelekezo. Ukimrudishia “kosa” tupu, atajaribu tena. Uzuri wa kutumia anotesheni hiyo ni kwamba hata mazungumzo ya wakala yakifungwa na mengine kuanza, kumbukumbu inabaki kwenye deploimenti yenyewe (maelezo ya huduma yaliyo ndani ya Kubernetes). Angalizo moja: `kubectl` huandika saa ya kompyuta iliyotoa amri, pamoja na tofauti ya eneo, mfano `+03:00`. Igeuze kuwa UTC kabla ya kulinganisha, la sivyo dakika zako 15 zitakosewa kwa saa tatu.

Malipo kukatika ni jambo jingine kabisa, na lingeweza kutokea hata kwa kuwasha upya mara moja. Kagua kama umeweka `readinessProbe`, kipimo cha kujua kama podi iko tayari kupokea wateja. Bila kipimo hicho, podi inahesabiwa kuwa tayari mara tu kontena linapoanza, na ya zamani inaondolewa kabla mpya haijaweza kupokea mteja. Kisha kagua namna programu inavyofungwa: inapewa ishara ya SIGTERM (ombi la kufunga) na, usipobadilisha mpangilio, sekunde 30, halafu inauawa kwa nguvu. Kama kontena linaanzishwa kupitia `sh -c`, mara nyingi ishara inaishia kwenye sheli (programu ndogo inayopokea amri) na programu yako haipati habari. Weka `exec` mbele ya amri. Ongeza na `preStop` (hatua inayofanyika kabla ya kufunga) ya kusubiri sekunde 5 hadi 10, maana podi inaweza kuendelea kuletewa wateja kwa muda mfupi baada ya kuambiwa ifunge.

Tukimpa wakala ruhusa ya `patch` (kurekebisha) kwenye deploimenti moja tu, tutakuwa salama? — Msomaji, Nairobi

Hapana. RBAC, mfumo wa ruhusa wa Kubernetes, inaweza kufunga kwa jina la deploimenti, lakini haifungi sehemu za ndani. Mwenye `patch` anaweza kubadilisha imeji (kifurushi cha programu), idadi ya podi, hata vigezo vya mazingira. Ruhusa ibaki kwa akaunti ya zana; wakala apitishe jina tu, likaguliwe kwenye orodha mliyoikubali. Asiruhusiwe kamwe kuandika amri yake mwenyewe. Na alama ya `destructiveHint` ya MCP (inayosema kuwa zana inaweza kuharibu) iwekeni, ila ni dokezo kwa programu ya wakala, si kufuli.

Wakala anawasha upya, huduma inapona saa moja, tatizo linarudi. Tufanyeje? — Msomaji, Mombasa

Zana ichukue ushahidi kwanza: `kubectl describe pod` na `kubectl logs --previous`. Podi za zamani zikishaondoka, logi hizo hazipatikani tena kwa `kubectl`, labda kama mnazihifadhi kwingine. Mkikuta namba ya kutokea (exit code) 137 pamoja na `OOMKilled`, programu imevuka kikomo cha memori: ama inavujisha, ama kikomo ni kidogo mno. Kuwasha upya kunasaidia kweli pale mlipobadilisha ConfigMap (hifadhi ya mipangilio ya programu) inayosomwa kama vigezo vya mazingira, kwa sababu vigezo hivyo husomwa wakati wa kuanza tu.