Kandege Keusi pale Mwaloni

SWALI: Shikamoo kaka. Mi nakaa Kirumba, Mwanza, juzi pale mwaloni nimeona kandege keusi tii kichwa mpaka tumbo ila mabawa na mkia ni meupe, kanaruka chinichini juu ya maji, sijawahi kukaona. Ni adimu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, una macho mazuri sana! Huyo ni buabua wa mabawa meupe, na si adimu, ila hiyo rangi ndo huwa hatuioni sana, maana miezi mingi wanakuwa huku Ziwa Victoria wakiwa kijivu na weupe watu wanapita tu hawawaangalii, sasa ikifika Machi na Aprili wanabadilisha manyoya kabla ya kurudi kuzaliana Ulaya mashariki na Asia, we umemkuta kashabadilisha. Hapigi mbizi, anadonoa wadudu juu ya maji, wale wadudu wa ziwani wanaoinuka kama moshi anawapenda mno. Akigeuka cheki chini ya bawa, karibu na kwapa pawe peusi, hapo huna shaka. Jaribu na kisiwa cha Saanane asubuhi, ila wahi, Mei wengi washaondoka. Na mbayuwayu wa Ulaya nao wanasepa kipindi hichohicho.