Tanga hufungwa wapi?

Msomaji wetu wa Mwanza anauliza: "Mimi na vijana wangu tunajenga mashua ndogo ya mbao ya kutembelea ziwani. Nimeandika maelekezo ya kubandika ukutani mwa karakana, na hatua mojawapo inasema: 'Ambatanisha tanga kwa mlingoti, kisha lipandishe.' Fundi mmoja mzee aliyekulia Pangani aliisoma, akacheka, akasema kuwa tanga haliambatanishwi, halifungwi mlingotini wala halipandishwi. Je, nimekosea Kiswahili au nimekosea mashua?"

Jibu linategemea mashua yenyewe, nalo ni jambo ambalo fundi wako hakulisema, labda kwa sababu kwake yeye mashua ni ya namna moja tu. Katika vyombo vya pwani yetu, kuanzia ngalawa ya mvuvi hadi jahazi la mizigo, tanga haligusani na mlingoti kwa kufungwa. Ukingo wake wa juu hufungwa kwenye mti mrefu uitwao foromali, nayo foromali ndiyo inayoinuliwa hadi juu ya mlingoti, ikakaa kimshazari, ncha yake ya mbele ikiwa chini upande wa omo na ncha ya nyuma ikielekea juu. Kwa hiyo mtu wa Pangani akisikia kwamba tanga limefungwa mlingotini, anaona picha ya chombo ambacho hakiwezi kwenda. Kamba inayobeba uzito wa foromali kupitia kileleni mwa mlingoti huitwa henza, na ile nyembamba zaidi inayopita katika gofia, yaani kapi ya kupitishia kamba, ambayo mabaharia huishika na kuivuta, huitwa jarari. Nayataja majina haya kwa sababu yanapotea haraka: wengi wetu huikariri methali ya "mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani" bila kujua kuwa tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele, na ngama ni kule chini ndani yake ambako maji hukusanyika na kutekwa.

Lakini zipo mashua nyingine, hasa zile ndogo za mtindo wa Ulaya, ambazo hazina foromali, na ukingo wa mbele wa tanga lake hufuata mlingoti kutoka chini hadi juu. Kama mashua yako ni ya namna hiyo, basi kusema kwamba tanga hufungwa kwenye mlingoti ni sawa kabisa, mradi linafungwa kwa kamba. Kama ukingo wa tanga umeshonwa kuwa mfuko mrefu na mlingoti unaingizwa humo, mimi nisingetumia "kufunga" hata kidogo. Ningesema kwamba mlingoti huvishwa tanga, kama mto unavyovishwa foronya. Na kama mlingoti una mfereji ambamo ukingo wa tanga huteleza, kitenzi kinachofaa ni "kupachika", kwa kuwa kupachika ni kuingiza kitu katika nafasi yake kikashika, kama mpini unavyopachikwa kwenye jembe. Kiswahili hakina kitenzi kimoja cha jumla kwa kazi hizi tatu, wala hakikihitaji, kwani mikono inafanya mambo matatu tofauti.

Hapo ndipo "kuambatanisha" kunaposhindwa. Mzizi wake ni "ambata", yaani kugandamana na kitu. "Ambatana" ni kwenda pamoja au kushikamana. Na "ambatanisha" ni kufanya vitu viende pamoja, kama cheti kinavyoambatanishwa na barua ya kuomba kazi. Ni neno zuri la ofisini. Tangu tulipoanza kutuma barua kwa kompyuta limepata kazi nyingi kiasi kwamba limeanza kutumwa hata kusikolihusu, na nimewahi kusoma maelekezo ya kitanda yaliyotaka miguu "iambatanishwe" na fremu, ilhali kilichotakiwa ni kuikaza kwa skrubu. Tanga lililoambatanishwa na mlingoti ni tanga lililosafirishwa pamoja nao katika gari moja.

Kihusishi "kwa" nacho kinahitaji kusahihishwa. Baada ya kitenzi "funga", msikilizaji hutarajia "kwa" itaje kifaa: mzigo umefungwa kwa kamba, mlango umefungwa kwa komeo. Ukisema "funga tanga kwa mlingoti", sentensi inadokeza kwamba mlingoti ndio uliotumika badala ya kamba. Mahali pa kufungia patajwe kwa "kwenye" au kwa kiambishi "-ni": funga tanga kwenye foromali, au funga tanga foromalini. Hapo "kwa" itabaki huru kufanya kazi yake: funga tanga foromalini kwa kamba.

Kuhusu "kupandisha", nadhani fundi wako amekuwa mkali kupita kiasi. Kupandisha tanga kunaeleweka, wala si kosa la sarufi. Hata hivyo neno la wenyewe ni "kutweka", ambalo hutumika pia kwa bendera, na kinyume chake ni "kutua". Tanga hutwekwa, tanga hutuliwa. Jihadhari tu usiandike "twika", maana kutwika ni kumwekea mtu mzigo kichwani, ndiyo maana tunasema mtu ametwikwa lawama au majukumu. Maneno haya mawili mimi nayaona kuwa ndugu, kwa sababu mzigo uliotwikwa nao hutuliwa kama tanga lililotwekwa. Lakini matumizi yameshayatenganisha, na mashua yenye tanga "lililotwikwa" itachekesha watu wengi zaidi ya mzee mmoja.

Mlingoti wenyewe je? Huo husimikwa, kitenzi kile kile kinachotumika kwa kiongozi anayewekwa rasmi katika cheo. Wasomaji wa bara wengi wanaujua mlingoti kwa habari za msiba wa kitaifa tu, bendera inapopepea nusu mlingoti, na wapo wanaosema "mlongoti". Andika "mlingoti", wingi wake "milingoti", nawe utakuwa salama. Foromali haibadiliki katika wingi: foromali imetwekwa, foromali zimetwekwa. Tanga liko katika ngeli ya LI-YA, na wingi wake ni "matanga", ambayo kwa sauti hayatofautiani na matanga ya kufiwa. Kwa hiyo tangazo lisemalo "matanga yapo karakana, Jumamosi" litaleta majirani wenye kanga na pole zao.

Kuna kosa jingine ambalo hukuliuliza. Umeandika kwamba "mnajenga" mashua. Nyumba hujengwa, chombo cha majini huundwa, na mwenye kazi hiyo huitwa fundi wa kuunda vyombo. Leo tunaunda tume, kamati na serikali, hata tumesahau kwamba kitenzi hiki kina harufu ya mbao na misumari, na ni ajabu kidogo kwamba kinabaki ofisini huku kikiondolewa karakanani, mahali ambapo kimetumika siku zote.

Ikiwa mashua yenu ina foromali, basi, bandika ukutani hivi: "Simika mlingoti. Funga ukingo wa juu wa tanga kwenye foromali kwa kamba, kuanzia ncha moja hadi nyingine. Kisha tweka foromali kwa jarari mpaka ifike juu, na ufunge jarari imara." Ikiwa haina, ondoa foromali na jarari, andika: "Funga ukingo wa mbele wa tanga kwenye mlingoti kwa kamba", au "Vika mlingoti tanga", kadiri lilivyoshonwa. Kabla hujaibandika, msomee mzee wa Pangani kwa sauti, naye akiwa amesimama mbele ya mashua yenyewe.