Je, Namba 666 Katika Simu Yangu Ni Chapa ya Mnyama?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Nimesajili laini mpya kwa ajili ya biashara yangu ya vitenge, na namba niliyopewa inaishia na 666. Wenzangu wa kikundi cha maombi wananisihi niitupe kwa kuwa ni chapa ya mnyama, na wapo wateja wanaokataa kulipia kwa namba hiyo. Nifanye nini? Na mbona Biblia inaitukuza saba na kuilaani sita? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Amina, dada mpendwa. Endelea kuitumia laini yako, na sababu imo katika sura ileile wanayokutajia wenzako. Ufunuo 13:17 unaieleza chapa kuwa ni “jina la mnyama yule, au hesabu ya jina lake”, na mstari unaofuata unamtaka mwenye akili aihesabu, “maana ni hesabu ya kibinadamu”. Kwa hiyo 666 ni jumla inayotokana na jina la mtu, wala si tarakimu zenye laana popote zinapoonekana.

Wasomaji wa kwanza wa Yohana hawakulishangaa jambo hilo. Wayahudi na Wayunani wa wakati ule walizitumia herufi kuandikia hesabu, hivyo kila jina lilikuwa na jumla yake, na mtu aliweza kulificha jina ndani ya hesabu. Kwenye ukuta mmoja wa Pompeii, mji wa Italia uliofukiwa na volkano mwaka 79, mtu aliandika kwa Kiyunani kwamba anampenda mwanamke ambaye hesabu ya jina lake ni 545.

Wataalamu wengi wa Agano Jipya wanaona kwamba jina lililofichwa na Yohana ni la Kaisari Nero, aliyewatesa Wakristo wa Rumi baada ya moto mkubwa wa mwaka 64. Liandike jina “Neron Kesar” kwa herufi saba za Kiebrania, nawe utapata 50, 200, 6, 50, 100, 60 na 200, ambazo jumla yake ni 666. Zipo nakala chache za kale zenye 616, na pengo hilo la 50 ni thamani ya herufi N ya mwisho, ambayo Walatini hawakuitamka waliposema “Nero”. Kwangu mimi ushahidi huo una uzito mkubwa, ingawa Askofu Ireneo wa Lyon, aliyeandika mwishoni mwa karne ya 2, aliyapima majina mengine, kama Lateinos na Teitan, kisha akawaonya waumini wasikimbilie kukisia.

Saba kweli ni hesabu ya ukamilifu, tangu pumziko la siku ya saba hadi makanisa, mihuri, baragumu na vitasa vya Ufunuo. Lakini hakuna mstari unaoilaani sita. Mwanadamu aliumbwa siku ya sita, na siku hiyohiyo Mungu alikiona kila alichokifanya kuwa “chema sana”. Hata 666 yenyewe inatajwa bila laana yoyote: ndizo talanta za dhahabu alizoletewa Sulemani kwa mwaka mmoja (1 Wafalme 10:14), na ndiyo idadi ya wana wa Adonikamu waliorudi kutoka uhamishoni Babeli (Ezra 2:13).

Wasomee wenzako pia Ufunuo 14:1, unaofuata mara tu baada ya hesabu ya mnyama. Hapo wamesimama watu 144,000, yaani 12 mara 12 mara 1,000, wenye jina la Mwana-Kondoo na la Baba yake katika vipaji vya nyuso zao. Yohana anayaweka majina mawili mkabala ili kila mtu ajipime anamsujudia nani, ilhali namba yako imetolewa na kampuni ya simu kwa mfuatano tu, na haihesabu jina la yeyote. Mteja atakayebaki na hofu hata baada ya maelezo haya, mpe namba nyingine ya kulipia bila kumbeza, kwa maana Warumi 14:1 inatuagiza tumpokee aliye dhaifu wa imani, wala tusimhukumu mawazo yake.