Noah ya kazini, Noah ya kulalia

SWALI: Kaka habari za kazi, nina Toyota Noah ya 2003, naendea nayo kazini Posta na kupeleka watoto shule, sasa mimi na mama watoto tunataka tukienda Lushoto tulale humo humo, je ning'oe siti za nyuma? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Ndugu yangu using'oe hata moja, Jumatatu watoto watakaa wapi? Chomoa vile vya kuegemea kichwa, laza siti ya kati na ya nyuma, kitanda hicho. Ila kuna mabonde pale siti zinapokutana, mimi ya kwangu nilijaza blanketi nikaweka juu godoro la sponji la inchi 3, fundi alilikata vipande vitatu ili asubuhi nilipange nyuma, na usingizi ni safi kabisa.

Nakuomba sana kitu kimoja, usilale injini inaunguruma eti kwa ajili ya AC! Moshi wa ekzosi una kaboni monoksaidi, haina harufu na inaua watu usingizini. Shusha vioo viwili kama vidole vitatu, bana neti ya mbu mlangoni, hewa ikipita hata vioo havitoki jasho. Jiko la gesi pikia nje.

Friji usiunge kwenye betri ya gari, utaamka gari haiwaki, kwa usiku mmoja deli la barafu linatosha. Halafu Noah iko chini, mvua ikinyesha huko milimani ni utelezi, ulizia wenyeji kabla hujaiacha lami.