Mienge ya usiku na lenzi inayokuza umati

SWALI: Shikamoo mwalimu. Ninasoma Ujerumani na ninaandaa mradi wa picha kuhusu makundi ya mrengo mkali wa kulia. Kwenye maandamano yao ya usiku, mienge inatoka madoa meupe na nyuso zinabaki giza. Kwa lenzi ya milimita 200 napata picha kali, ila mwenzangu anasema ninawapamba. Nirekebishe nini?

JIBU: Marahaba. Mwanga ndio mwepesi. Piga kwa RAW (faili ghafi la kamera), pima mwanga usoni, na mwali uuache uungue, yaani utoke mweupe. Anza na ISO 3200 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/2 (tundu la lenzi lililo wazi sana), shata 1/100 ya sekunde. Umeme wa huko ni wa hezi 50, na taa humetameta mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo kasi hiyo itakupunguzia mistari inayoletwa na taa za barabarani. Subiri mwenge ufike mbele ya mtu au ubavuni mwake. Flashi usiiwashe: inaufuta mwanga wa moto, na kila uso unaonekana wa mhalifu aliyenaswa.

Mwenzako amesema kweli. Ukisimama mbali ukitumia lenzi ya 200, safu zinabanana, na watu themanini wanaonekana umati usio na mwisho. Ndivyo hasa wanavyotaka waonekane! Leni Riefenstahl, mtengenezaji filamu wa Kijerumani, alipopiga filamu ya mkutano wa Wanazi mjini Nürnberg mwaka 1934, mara nyingi kamera ilimtazama Hitler kutoka chini, nyuma yake anga tupu. Pembe ile ilimtukuza bila neno lolote. Kwa hiyo usipige magoti mbele yao. Chukua lenzi ya 35, simama usawa wa macho, halafu rudi nyuma mpaka fremu ioneshe safu inapoishia, polisi, na wanaowapinga ng'ambo ya barabara.

Maelezo ya picha nayo yaandike kwa uangalifu. Mtindo wa skinhead, yaani wa vipara na buti, ulianza London mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa vijana wa tabaka la wafanyakazi waliopenda muziki wa ska na rege wa Wajamaika. Siasa za ubaguzi ziliwateka baadhi yao baadaye. Kipara na buti havitoshi kumwita mtu Mnazi. Andika alichobeba, alichopaza sauti kusema, wapi, lini.

Wanaonitia wasiwasi zaidi ni wahamiaji watakaoingia kwenye fremu, kwani kesho wanaweza kutafutwa. Zima GPS ya kamera, waoneshe picha kabla hujaichapisha, na wakikataa, usiitoe.