Ulisalije, Mama?

Morogoro, Jumapili ya Matawi, 2 Aprili 2023

Mwanangu,

Ujumbe wako kutoka huko Kagera kwenye Marburg niliuona saa kumi alfajiri: "Mama, kile kipindupindu cha 2015 ulisalije? Mimi nikishavua yale mavazi ya kujikinga nataka kusali, sipati hata neno." Sikukujibu kwenye simu. Haya si mambo ya kuandika kwa kidole gumba.

Kwanza nikuombe radhi. Ulikuwa kidato cha nne, ukinisikia naimba bafuni nikitoka zamu ya usiku, ukadhani mama anashinda na Mungu kutwa. Nilikuwa naimba ili msinisikie nalia.

Kile kitanda cha wagonjwa wa kipindupindu unakijua: turubai lenye tundu katikati, ndoo chini. Ilikuwa Agosti, Dar es Salaam, usiku wangu wa kwanza kambini. Mama mmoja akaletwa kwa bajaji, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Kilo hamsini hivi. Hesabu unaijua pia: mililita 30 kwa kila kilo ndani ya nusu saa ya kwanza, yaani lita moja na nusu ya Ringa, yale maji ya dripu, na mshipa wenyewe umejificha. Nikapapasa mkono wa kulia, nikahamia wa kushoto. Sala yangu ilikuwa neno moja: "Mshipa." Hata "Bwana" sikutanguliza. Ulipopatikana nikaukamua ule mfuko wa dripu kwa mikono miwili mpaka vidole vikaingia ganzi. Kwa wiki nyingi sikuwa na ibada nyingine zaidi ya hiyo, na sidhani kama mbinguni waliiona pungufu.

Tulikuwa na mwenzetu aliyekuwa anakula andazi bila kunawa, ukimsema anakwambia damu ya Yesu inamfunika. Haikupita wiki mbili tukamtundikia dripu yeye. Alipona, na hadi leo anasimulia muujiza; zile lita za Ringa hazitaji. Zaburi ya 91, ile inayoahidi kwamba tauni haitakukaribia, naipenda sana, lakini kumbuka ni nani aliyemsomea Yesu pale juu ya kinara cha hekalu, akimwambia ajitupe chini. Wewe uko kwenye Marburg, homa kali ya virusi inayoua, si kipindupindu. Haina chanjo iliyoidhinishwa, haina dawa ya kuua kirusi chake, na siku Wizara ya Afya ilipotangaza, tarehe 21 Machi, kati ya wale watano waliofariki mmoja alikuwa mhudumu wa afya. Nilisikia nikiwa jikoni nikakaa chini palepale. Kwa hiyo unapovua, vua polepole. Mwenzako anayekusimamia akikwambia rudia kunawa, rudia, hata kama umechoka kufa. Kama huna maneno ya kusali, hiyo inatosha kwa siku hiyo.

Sasa lile ambalo sijawahi kukwambia. Kulikuwa na mtoto, miaka minne hivi, alichelewa kuletwa. Tulifanya yote, akafa mkononi mwangu kabla hakujapambazuka. Nilikwenda nyuma ya tangi la maji nikamwambia Mungu maneno ambayo sitayaandika hapa. Sikujibiwa. Aliyekuja ni yule mama wa usafi, Mwislamu, ndoo ya klorini mkononi. Akaniangalia, akasema, "Pole sista. Wameshuka wengine wawili." Basi. Nikanawa uso nikaenda. Moyo ulikuwa umekataa kabisa, miguu ndiyo ilienda, na tangu siku ile mtu akiniuliza imani yangu ilikuwa wapi mwaka ule, namwambia ilikuwa miguuni. Yule mama bado tunajuliana hali; amefunga sasa hivi, na mwezi ukiisha hakosi kunitumia salamu za Idi.

Halafu lala. Eliya alipochoka akakaa chini ya mti wa mretemu akaomba afe, malaika hakumhubiria. Alimwamsha ale mkate uliookwa juu ya makaa, anywe maji, akalala tena. Ukiingia chumbani hujaweza kusali, kula hizo ndizi wanazokupikia, ulale.

Jumuiya wanakuombea kila Alhamisi. Nimewaambia uko kazini mbali, sikusema Kagera. Si kwamba naona aibu. Mwaka 2015 kwaya nzima walijua niko kambini, na kwenye benchi la alto nikabaki peke yangu kama nimepakwa rangi mbichi. Wengi nimewasamehe. Mmoja bado, na leo amebeba tawi refu kuliko la mchungaji.

Baba yako anauliza unakonda? Mjibu mwenyewe, mimi hanisikilizi.

Ukimaliza, usikimbilie nyumbani. Hesabu siku zako 21 za kuangalia dalili hukohuko, hata wakikwambia uko salama, hata kama Pasaka itapita. Kuku hatutamchinja mpaka uje. Ile ndoo ya kunawia ya 2015 nimeirudisha mlangoni jana. Bomba lake linavuja bado, njoo ulitengeneze.

Mama yako