Kazi ya dukani iandike kwenye CV, tena iandike kwa undani

Juzi kuna dada kanitumia CV yake inbox niipitie, kasomea uhasibu, chuo kamaliza mwaka jana, na pale kwenye uzoefu kaandika HAKUNA. Nikamuuliza tangu umalize ulikuwa unafanya nini, akasema aah nilikuwa namsaidia mjomba duka lake la spea. Jamani! Muda wote huo umekaa kaunta unapokea hela za watu na unaandika hakuna?

Mimi nimetokea dukani. Baada ya diploma nilikuwa Kariakoo kwa shangazi yangu, duka la vifaa vya ujenzi, na wala haikuwa kazi ya kukaa na kuchati. Kutwa nzima natoa risiti za EFD (ile mashine ya risiti za kodi), mzigo wa mabati na misumari ukishushwa nahesabu na delivari noti mkononi, jioni nafunga hesabu. Kufunga hesabu pale maana yake unatoa Z ripoti kwenye mashine, yaani jumla ya mauzo ya siku, unailinganisha na keshi ya kwenye droo, na zilizoingia kwa Lipa Namba, na daftari la wadaiwa, zikipishana hata elfu tano shangazi halali na wewe hulali mpaka ionekane imeendea wapi. Na risiti za manunuzi lazima zipangwe mapema, maana ritani ya VAT, yaani taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani, mwisho tarehe 20 ya mwezi unaofuata, ukichelewa ni faini. Sasa huo kama sio uhasibu ni nini?

Kuna ofisi niliitwa intavyuu, baba mmoja kwenye paneli akashika CV yangu akasema binti, hii ya dukani ungeitoa tu, hapa tunataka watu wa ofisini. Wenzake wakacheka. Kile kicheko mpaka leo kinaniuma, siwezi kudanganya, kwa sababu nilikuwa najua ninachokifanya. Sikuitoa. Niliporudi nyumbani ndo kwanza nikaiongezea maelezo, nikaandika: "Kufunga hesabu za duka kila jioni kwa kulinganisha Z ripoti ya EFD, fedha taslimu na miamala ya simu, kuandaa nyaraka za ritani ya VAT kila mwezi." Mama aliyekuja kuniajiri alianzia hapo hapo, akaniuliza zikipishana unaanza kutafutia wapi, na tukaongea hayo karibu intavyuu nzima. Leo mimi ndo napitia CV za wanaoomba kitengo chetu cha uhasibu. Najivunia, nimepapigania.

Na ninachokiona kwenye hizo CV kinasikitisha. Mchapakazi, anajituma, anaweza kufanya kazi kwenye presha, zote zinafanana kwa sababu zimetoka steshenari moja, wanabadilisha jina tu. Nimekutana na CV ya mhasibu ambayo lengo lake la kazi ni kuwahudumia wagonjwa kwa upendo! Vijana, kaa chini uandike mwenyewe. Andika ulichokifanya kwa mikono yako, fildi, kujitolea, duka la mjomba, uhazina wa kikundi cha kwaya, vyote andika, kwa vitendo na kiasi kama unakijua. Kurasa 2 zinatosha. Dini, kabila na urefu wako toa. Acheni kuona aibu na kazi halali iliyowalisha, aibu hiyo ndo inawafanya muonekane hamjafanya kitu maishani.

Wanaoomba serikalini kupitia Ajira Portal, someni tangazo mpaka mwisho, mara nyingi limeandikwa wazi kwamba provisheno (matokeo ya muda) na hati ya matokeo hazikubaliki, wanataka cheti chenyewe.

Halafu wadhamini. Hapa watu wanaandika majina makubwa, mheshimiwa diwani, mchungaji, daktari fulani wa chuo ambaye darasa lilikuwa na watu mia na ushee, hakujui hata sura. Nimeshampigia mdhamini akaniuliza, huyo ni nani? Basi maombi yakaishia hapo. Muweke mtu aliyekuona ukifanya kazi, hata kama ni huyo huyo mjomba wa spea, na umpigie kwanza umuombe, umkumbushe ulikuwa kwake lini na ulikuwa unashika nini, umtumie na CV aisome kabla sijampigia mimi.